Celeron 300A: prosesa ya dola 149 iliyokimbia kama ya dola 669

Tarehe 24 Agosti 1998, kampuni ya Intel ilitoa prosesa mbili kwa mpigo. Pentium II ya megahezi 450 ilipangiwa bei ya jumla ya dola 669. Celeron 300A, ya megahezi 300, ilipangiwa dola 149, ikikusudiwa wanunuzi wa kipato cha chini. Haikuchukua muda mrefu kabla ya watu waliokuwa wakijiundia kompyuta za mezani nyumbani kugundua kwamba ile ya bei nafuu nayo ilifika megahezi 450, ikatulia hapo, ikafanya kazi siku nzima bila kugoma.

Mchezo wa kuongeza kasi ya prosesa haukuanzia hapo. IBM ilipotoa kompyuta ya PC AT mwaka 1984, ilikuwa ya megahezi 6. Mapigo yake yalitoka kwenye kristali ya megahezi 12 iliyochomekwa tu kwenye kikalio chake, bila kulehemiwa. Mafundi wakaichomoa, wakaweka ya 16, na mashine ikaenda kwa megahezi 8. IBM ilijibu kwa kutia kwenye matoleo ya baadaye programu iliyopima kasi kila kompyuta ilipowashwa, na kukataa kuendelea ikikuta imezidi. Mvutano huo kati ya muuzaji anayefunga na mnunuzi anayefungua umeendelea tangu wakati huo.

Lakini Celeron 300A ndiyo iliyoutoa ujuzi huo mikononi mwa mafundi wachache na kuufikisha kwa mtu yeyote mwenye bisibisi. Kisa chake kinaanza na aibu. Celeron ya kwanza, ya Aprili 1998, haikuwa na kashe ya daraja la pili, yaani ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayoiepusha prosesa kungoja RAM. Ikalaumiwa kwa uzito wake katika kazi za ofisini. Intel ikarekebisha kwa kuweka kilobaiti 128 za kashe ndani ya kipande chenyewe cha silikoni, zikienda kwa kasi kamili ya prosesa. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, lakini kwenye vipande vya pembeni vilivyokwenda kwa nusu ya kasi. Kwa hiyo prosesa ya bei chee ikapata, katika jambo hili moja, muundo bora kuliko dada yake mkubwa, na haikuwa na vipande vya pembeni vya kuizuia ilipoongezwa mwendo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kasi ya prosesa ni mapigo ya ubao mama mara kizidisho kilichomo ndani ya prosesa. Intel ilikuwa imekifunga kizidisho cha 300A kwenye 4.5, na moja ya sababu ilikuwa walaghai waliokuwa wakifuta maandishi kwenye prosesa za polepole na kuziuza kama za kasi. Mapigo ya 66 mara 4.5 yanatoa karibu 300. Kizidisho hakiguswi, lakini mapigo yanaguswa, na mbao mama mpya za mwaka huo zilishaanza kukubali megahezi 100. Mia mara 4.5 ni 450.

Hapa pana jambo ambalo nadhani halisifiwi vya kutosha. Kadi za sauti na vidhibiti vya diski vilitakiwa kwenda kwa megahezi 33, kiwango kilichopatikana kwa kugawanya mapigo ya ubao mama. Kwenye 66 unagawanya kwa mbili. Kwenye 100 unagawanya kwa tatu. Pande zote mbili unarudi kwenye 33. Aliyejaribu kusimama katikati, kwenye 83, alipata 41.5, na diski zikaanza kuharibu mafaili. Kumbe kuruka kwa nusu nzima ya kasi kulikuwa salama kuliko kupanda kidogo.

Ubao uliopendwa ulikuwa Abit BH6, kwa kuwa mapigo na volti vilibadilishwa kwenye menyu ya BIOS, bila kuhangaika na jampa. Mwenye ubao usioruhusu hayo alikata kipande chembamba cha selotepu, akafunika mguu wa B21 kwenye ukingo wa kadi ya prosesa, na ubao ukadhani umepewa prosesa ya mapigo 100. Kisha akawasha na kuacha Quake II ikicheza kwa saa kadhaa. Windows 98 ikiganda, mwenye BH6 alipandisha volti kutoka 2.0 hadi 2.1, pengine 2.2. Joto lilikuwa na gharama yake, maana umeme unaoliwa hukua sawia na kasi ya prosesa na mraba wa volti: nusu ya kasi zaidi kwenye volti 2.2 ni ongezeko la zaidi ya asilimia 80. Feni kubwa ikawa lazima.

AMD nayo ilikuwa na zamu yake mwaka 2000. Athlon na Duron za mwaka huo zilikuwa na vidaraja vidogo vilivyokatwa juu ya uso wa prosesa. Ukivichora kwa penseli, grafiti yake ilipitisha umeme na kizidisho kikafunguka. Athlon XP ya 2001 ilikuja na vishimo vilivyochimbwa kwa leza mahali hapo, na penseli pekee haikutosha tena.

Mwishowe kufuli likawa bidhaa. Mwaka 2011 Intel iliyaunganisha mapigo ya karibu kila sehemu ya kompyuta, hata kuyapandisha kwa asilimia chache tu kukawa taabu, na kizidisho kikaachwa wazi kwenye prosesa zenye herufi K. Core i5-2500 ilikuwa dola 205. 2500K ilikuwa 216. Naiona hatua hiyo kuwa ya haki kuliko kufunga kabisa, ingawa iliwanyima wanunuzi wa prosesa za bei ya chini faida waliyoipata mwaka 1998. Zaidi ya hapo, tangu Core i7 ya Novemba 2008, prosesa hujipandisha zenyewe kila joto na umeme vinaporuhusu, na nafasi iliyobaki kwa mwenye kompyuta imepungua. Wengi wanaojiundia sasa hushusha volti badala ya kuzipandisha: prosesa ikipoa, huongeza kasi yenyewe.