Mbwa na matunda ya barafu: haya mpe, haya usithubutu

Jua la Bariadi unalijua. Ikifika saa nane mchana, mbwa kajilaza chini ya mwembe, ulimi nje, anahema tu. Kama una friji, lazima umeshajiuliza: nikimpa kipande cha tikiti kilichoganda, kuna shida?

Jibu fupi: hakuna shida, ila inategemea ni tunda gani na umempaje.

Kwa nini yanamsaidia

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza zaidi kwa kuhema, na akihema sana anapoteza maji. Tunda baridi linamwongezea maji kidogo. Lakini haliwezi kuchukua nafasi ya bakuli la maji safi kivulini.

Yanayofaa

- Tikiti maji: zaidi ya asilimia 90 ni maji. Toa mbegu na ganda.
- Embe: menya, toa kokwa. Mbwa akimeza kokwa linaweza kuziba utumbo, na hapo ni upasuaji.
- Papai: toa maganda na mbegu zote.
- Ndizi mbivu: ina sukari nyingi, hivyo vipande viwili vitatu vinatosha.

Usithubutu kumpa

Zabibu, ziwe mbichi, kavu au zilizoganda. Zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Ukwaju nao ni hivyo hivyo, na hapa ndipo wengi wetu Simiyu tunapoweza kukosea. Bushishi tunao kila mahali, na barafu za ukwaju watoto wanazipenda. Mwaka 2022 madaktari wa mifugo wa Marekani walichapisha taarifa za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju. Wanaona tatizo ni asidi ya tatariki, ambayo ipo pia kwenye zabibu. Kwa hiyo mtoto akibakiza barafu yake, asimrushie mbwa.

Angalia na kile kipakiti cha plastiki. Mbwa anakimeza kwa sababu kina utamu, na kinaweza kumkwama tumboni.

Namna ya kumpa

1. Osha tunda, menya, toa mbegu, kisha kata vipande vidogo kabla ya kugandisha. Mbwa mdogo, kipande kiwe kama punje ya hindi.
2. Ukitoa kwenye friji, subiri dakika chache kilainike. Kipande kigumu kama jiwe kinaweza kuvunja jino au kumkaba koo.
3. Usiongeze sukari.
4. Umeme ukikatika na matunda yakayeyuka muda mrefu, usiyagandishe upya. Yatupe.
5. Mara ya kwanza mpe kipande kimoja, umwangalie hadi kesho yake. Akiharisha, acha.
6. Vitafunwa vyote kwa siku visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake.

Akishakula zabibu au ukwaju

Usingoje dalili. Mpigie daktari wa mifugo mara moja, umwambie amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, unaweza kumuumiza zaidi. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kutapika ndani ya saa 24, kisha anakuwa mnyonge na kugoma kula. Ikifika siku ya pili au ya tatu, figo zinaweza kuwa zimeshaharibika.

Joto likimzidi

Mbwa aliyetoka kuchunga ng'ombe juani, anahema bila kutulia, anayumba au ameanguka, huyo si wa kupewa tunda. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha tafuta daktari wa mifugo haraka. Maji mpe tu kama anaweza kunywa mwenyewe, usimlazimishe.

Leo ukifika nyumbani, waambie watoto kwanza: ukwaju ni wao, tikiti ndilo wagawane na mbwa.