Kutoka Namba ya Kadi hadi Alama ya Kidole: Udhibiti wa Utapeli wa Mtandaoni Mbeya na Iringa, 2008–2020

Mnamo Oktoba 2004 maofisa wa Secret Service ya Marekani waliwakamata watu 28 waliohusishwa na Shadowcrew, soko la mtandaoni lililouza namba za kadi za benki zilizoibwa. Miaka minne baadaye soko jingine, DarkMarket, lilifungwa. Mmoja wa waendeshaji wake alikuwa ofisa wa FBI aliyejificha humo. Historia ya wizi wa mtandaoni huanzia hapo mara nyingi. Mtafiti wa Nyanda za Juu Kusini akianzia hapo atapotea, kwa kuwa mkulima wa viazi wa Rungwe au wa mahindi wa Kilolo hakuwa na kadi ya kuibiwa. Alichokuwa nacho, hasa baada ya M-Pesa kuingia Tanzania Aprili 2008, ni laini ya simu.

Hivyo basi, bidhaa iliyotafutwa na wahalifu ilikuwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kwa laini hiyo ulitumwa ujumbe ambao kila Mtanzania anaujua: ile hela tuma kwenye namba hii. Mtumaji hakuhitaji kumfahamu mlengwa. Msimu wa mavuno, wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanapowalipa wakulima na madalali kwa simu, haikuwa ajabu ujumbe huo kumkuta mtu ambaye kweli anadaiwa.

Dola ilijibu kwa kulifuata jina. Usajili wa laini ulioanza 2009 ulipewa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, lakini jina lililoandikwa kwenye fomu ya wakala lilithibitisha kidogo sana. Ikafuata Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Mjadala wa umma ulielemea kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo. Kwa maoni yangu, uzito huo ulikaa mahali pasipo pake: kwa mwananchi wa Mbeya vifungu vya 12 na 15, vinavyohusu udanganyifu na kujifanya mtu mwingine, ndivyo vilivyogusa mfuko wake, navyo vilipita karibu kimya.

Mei 2019 ulianza usajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Ukomo wa 31 Desemba ulisogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha uzimaji wa laini ukaanza. Utapeli haukuzimika. Taarifa za TCRA za miaka ya karibuni zimeitaja Rukwa, ng'ambo ya Songwe, na Morogoro, inayopakana na Iringa, kuwa vinara wa majaribio ya utapeli. Tapeli, tofauti na mwizi wa kadi, yumkini ni mtu wa mkoa wa jirani anayezungumza kama mlengwa wake.

Kilichobadilika ni kitu kinachoibwa. Mtu anayebonyeza kidole mara ya pili kwa sababu wakala amemwambia cha kwanza hakikusomeka anaweza kuondoka akiwa mmiliki wa laini asiyoijua. TCRA ikawahimiza wananchi wapige *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao. Asiyehakiki hubaki na deni la kueleza: polisi wanapoifuatilia namba iliyotapeli, jina na kidole wanavyovikuta kwanza ni vyake.