Kupukutika

Mkanda wa jeshi hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa Dongobesh. Malengelenge yanazunguka ubavu, upande mmoja tu, yanachoma kama kaa la moto, na mara nyingi anayeugua ni mzee aliyekuwa shambani wiki iliyopita. Barabara ya kutoka Mbulu mjini inapita hapo kwenda Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri inayotibu watu wa nyanda hizi tangu 1955. Miaka hiyo hiyo, daktari wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, Edgar Hope-Simpson, alikuwa akiwaandika daftarini wagonjwa wake wote wa mkanda wa jeshi. Mwaka 1965 akatoa hoja iliyosimama hadi leo: huu si ugonjwa mpya mwilini. Ni kirusi kile kile cha tetekuwanga ya utotoni, kilichojificha kwenye mishipa ya fahamu miaka hamsini, sitini, kikingoja mlinzi asinzie.

Mlinzi ni chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo chembe T. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kwamba panya wachanga waliotolewa tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, hawakuweza kujikinga. Tezi hiyo ni jando la chembe T, tena jando lisilo na huruma: katika kila mia zinazoingia, zinazotoka hai hazifiki kumi. Zilizo dhaifu, na zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe, hufia humo humo. Baada ya balehe tezi hunywea na kugeuka mafuta. Tangu hapo mtu anaishi zaidi kwa jeshi lake la zamani.

Kufa huko kwa utaratibu kulipata jina mwaka 1972. John Kerr, aliyetoka Brisbane, pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Aberdeen, walikuwa wameona chembe zikisinyaa, zikikatika vipande na kumezwa na jirani zake bila usaha wala joto. Walimwendea profesa wa lugha ya Kigiriki, naye akawapa neno la majani yanayodondoka mtini: apoptosisi. Wangemwendea Mswahili wangepata kupukutika, na nadhani wasingepungukiwa kitu.

Afrika Mashariki ilikuwa imeliona jambo hilo kabla halijapewa jina. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto, saratani ya chembe za kinga. Kwenye hadubini ulifanana na anga la usiku lenye nyota. Nyota hizo ni chembe kubwa zilizoshiba maiti za wenzao: zinapukutika nyingi, zinazaliwa nyingi zaidi.

Na uzeeni je? Ingekuwa rahisi kusema chembe za mzee zinakufa sana, basi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko California, mtafiti Sudhir Gupta aliona kweli kwamba chembe T za wazee huitikia upesi mno amri ya kufa. Lakini Rita Effros na wenzake, mwaka 1999, waliona kinyume chake: chembe zilizokwisha kugawanyika mara nyingi hukataa kufa. Hazigawanyiki tena, haziondoki, zinajaza nafasi na kumwaga kemikali za uvimbe, ule wa mwili unaopambana, si ule wa saratani. Mwaka uliofuata Mwitaliano Claudio Franceschi akautambua uvimbe huo wa chini kwa chini kuwa sehemu ya uzee wenyewe. Kwa hiyo mti wa mzee una kasoro mbili kwa pamoja: majani mabichi yanadondoka, makavu yanang'ang'ania tawini.

Kwamba mkanda wa jeshi huja mlinzi akipungua, sisi tulijifunza kwa uchungu. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Kagera mwaka 1983, mkanda wa jeshi ulianza kuonekana kwa vijana, na majirani wakaanza kunong'ona. Ugonjwa wa babu ulikuwa umehamia kwa mjukuu. Chembe za CD4, aina ya chembe T, zilikuwa zikipukutika, na nyingi kati yake hazikuwa hata zikizalisha virusi.

Siku hizi swali la uvimbe na kinga limefika jirani, Moshi. Mwaka 2021 watafiti wa hospitali ya KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walipima watu 323 wenye afya mkoani Kilimanjaro, wakakuta damu ya watu wa mjini ina dalili nyingi zaidi za uvimbe kuliko ya watu wa vijijini, na chakula kilikuwa sababu kubwa. Utafiti uliotoka 2025 ukawabadilishia wanaume 77 mlo. Waliotoka kwenye vyakula vya asili kwenda vya kizungu kwa wiki mbili, uvimbe ulipanda na chembe zao zikazubaa mbele ya vijidudu. Waliokwenda upande wa pili, au waliokunywa pombe ya mbege kwa wiki moja, uvimbe ulishuka. Wengi walikuwa vijana. Bibi wa Dongobesh mwenye malengelenge ubavuni hakuwamo.