Lubumbashi: Sufuria, mwiko na mbabula, historia ya zawadi ndogo za Noeli na Bonane

Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili unapoanza, masoko ya Lubumbashi hubadilika sura. Katika soko la Kenya, katika soko la Mzee Kabila mjini kati na kandokando ya barabara za Katuba na Ruashi, meza zilizokuwa za nyanya na samaki wa chumvi hujaa mabakuli, vikombe, termosi, vijiko, miiko na masufuria madogo yaliyopangwa moja ndani ya lingine. Hizo ndizo zawadi za Noeli na Bonane. Mama mkwe, dada aliyeolewa mwaka huo, jirani aliyesaidia kulea mtoto: kila mmoja hutazamia kitu, hata kikiwa kidogo.

Nyuma ya meza hizo kuna hesabu ngumu. Mama muuzaji aliyengojea zamu yake ya likelemba mpaka mwezi wa kumi na moja hushika pesa nyingi kwa pamoja mara moja tu kwa mwaka. Akichagua bidhaa vizuri, minervali ya watoto ya mwezi wa kwanza inapatikana. Akichagua vibaya, mtaji wake unalala ndani ya makartoni, chini ya kitanda, na deni linabaki. Lakini swali la chombo gani cha jikoni kinafaa kuwa zawadi lina historia ndefu katika Katanga, na historia hiyo inaweza kumsaidia muuzaji wa leo.

Vyungu vya Kisale

Kaskazini ya Lubumbashi, katika bonde la Upemba, liko ziwa Kisale. Mwaka 1957 na 1958, wachunguzi Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimba makaburi ya kale mahali panapoitwa Sanga, kando ya ziwa hilo. Miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo. Makaburi mengi ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13, yaani zamani sana kabla ya Mzungu yeyote kufika.

Ndani yake wafu walikuwa wamewekewa vyombo vya udongo vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa: vyungu, mabakuli, na hata majiko ya udongo ya kubebeka, ambayo mvuvi angeweza kupikia akiwa safarini. Makaburi ya watoto yalikuwa na vyombo vidogo, vinavyolingana na umri wao. Watu wale hawakuacha maandishi, lakini jambo moja ni wazi: walipotaka kumpa mtu heshima ya mwisho, walimpa vyombo vya chakula. Zawadi ya jikoni katika nchi hii ina zaidi ya miaka elfu moja.

Katika makaburi ya karne zilizofuata ilionekana misalaba midogo ya shaba. Kadiri miaka ilivyopita, misalaba hiyo ilizidi kulingana kwa umbo na ukubwa, dalili kwamba ilitumika kama pesa. Baadaye misalaba mikubwa zaidi ilitumika pia katika mahari. Shaba ya Katanga ilikuwa akiba ya kuweka nyumbani: haiozi, haivunjiki, na siku ya shida inabadilishwa na kitu kingine.

Maneno yaliyofika na misafara

Karne ya 19, Msiri, mtu wa Wasumbwa kutoka upande wa Unyamwezi, aliunda ufalme wa Wayeke, na Bunkeya ikawa mji wake mkuu. Shaba ndiyo iliyokuwa imewavuta watu wake huku. Misafara ilileta vitambaa, shanga na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu, shaba na watumwa. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya mfalme Léopold II.

Biashara ile iliacha lugha, na lugha iliacha majina ya vyombo. Neno «sufuria» lina asili ya Kiarabu, kutoka neno linalotaja shaba nyeupe na chombo kilichotengenezwa kwayo. «Sahani» na «birika» nayo yametoka huko. «Sinia» asili yake ni jina la nchi ya China, kwa sababu Waarabu waliita hivyo vyombo vilivyotoka China. Kwa hiyo mama wa Lubumbashi anayeuza leo sinia la kutoka China anauza kitu ambacho jina lake lilikwisha kusema hivyo karne nyingi zilizopita.

Mji wa kampuni

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli ya kutoka kusini, kupitia Rhodesia, ilifika mahali ambapo mji wa Élisabethville ulianzishwa, ndio Lubumbashi ya leo. Bidhaa za viwandani sasa zilikuja kwa gari la moshi: mabeseni, vikombe na sahani za bati lililopakwa rangi ngumu, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu ambazo wazee wengi bado wanazikumbuka. Chungu cha udongo kilivunjika njiani, sahani ya bati ilibonyea tu. Taratibu, mfinyanzi alianza kupoteza wateja wa mjini.

Mwanzoni kampuni ilitafuta wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadilisha mpango: ilitaka mfanyakazi akae muda mrefu, pamoja na mke na watoto, kambini. Familia ilipewa nyumba, matibabu, shule na posho ya chakula. Katika vituo vya jamii wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna ambayo kampuni ilipenda. Mwanamke wa kambi hakutazamiwa kuwa mfanyabiashara. Vyombo vyake vilitegemea mshahara wa bwana, na sherehe ya mwisho wa mwaka ilikuwa nafasi ya mume kuonyesha kwamba kazi inaenda vizuri.

Wakati wa Katanga iliyojitenga, kati ya 1960 na 1963, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa kwenye bendera, na msalaba ulipigwa pia kwenye sarafu za mwaka 1961. Pesa ya zamani ikawa picha juu ya pesa mpya. Kisha Union Minière ikataifishwa, na Gécamines ikachukua mahali pake tangu 1967. Wafanyakazi waliendelea kuiita kampuni baba na mama yao.

Noeli bila kongé

Mwaka 1974, katika siku za «otantisite», serikali ya Mobutu iliondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Ibada haikufa, lakini uzito wa furaha ya nyumbani uliegemea zaidi kwenye Bonane, ambayo haikuwa na ugomvi na mtu. Hata leo, ijapokuwa Noeli imerudi kuwa kongé, watu wengi wa Kongo husema «Bonane» wakiwa na maana ya msimu wote. Muuzaji anayejua hilo hamalizi bidhaa zake tarehe 24. Huacha sehemu kwa ajili ya juma la mwisho wa mwaka na siku za kwanza za Januari, wakati wageni wanatembeleana.

Mtaji mikononi mwa mama

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka 1991 miji ya nchi ikakumbwa na uporaji, na mwaka 1994 uzalishaji haukufikia tani 50,000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Posho ikakatika.

Pesa yenyewe ikaharibika. Mwezi wa kumi 1993 serikali ilitoa zaire mpya: moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 zaire mpya nayo iliacha nafasi kwa franga ya Kongo. Katika miaka ile, aliyeweka noti ndani ya sanduku alikuta karatasi. Aliyenunua sufuria alikuta sufuria. Kama msalaba wa shaba wa zamani, chombo cha jikoni kikawa akiba inayoshikika, inayoweza kutumika leo na kuuzwa kesho.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza jinsi watoto wa kampuni walivyoachwa na «baba» yao, na jinsi wanawake walivyobeba nyumba kwa biashara ndogondogo. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa «kuondoka kwa hiari», kila mmoja na malipo ya mwisho. Wengi walijaribu biashara, na wengi walianguka. Mama ambaye zamani hakutazamiwa kuuza ndiye aliyekuwa ameanza mapema, na ndiye aliyejua soko.

Kasumbalesa na bidhaa za mbali

Tangu miaka ya 2000 bidhaa za China zimejaa. Zinashushwa bandarini Dar es Salaam, zinapita Tunduma na nchi ya Zambia, zinaingia kupitia Kasumbalesa. Mama asiyeweza kununua kontena hununua dazeni kwa muuzaji wa jumla, au huenda mwenyewe mpakani. Kutoka Zambia imevuka pia desturi ya «kicheni pati», karamu ambamo wanawake humpa bibi harusi mafundisho na vyombo. Basi muuzaji wa Desemba ana wateja wa aina mbili: wa sikukuu na wa ndoa.

Bei ya chini ya plastiki inavutia, lakini ina mtego. Kila mtu anauza bakuli lilelile, kwa hiyo faida inashuka kila siku inayopita. Vyombo vya umeme navyo vinapendeza macho, lakini katika mitaa ambayo delestaji ni ya kila juma, birika la umeme linageuka pambo juu ya kabati.

Kinachotengenezwa hapa hapa

Mji bado una mafundi wake. Kuna wanaokata mabati na mapipa ya zamani kutengeneza mbabula. Kuna wanaoyeyusha vipande vya aluminiamu na kumimina masufuria katika kalibu za mchanga. Kuna wachongaji wa miiko ya bukari na vinu vya sombe. Kuna pia wanaogonga shaba na kung'arisha malakiti kwa ajili ya wageni.

Si kila kimoja kinafaa kuuzwa bila maneno. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 kuhusu masufuria ya aluminiamu yaliyoyeyushwa huko Kameruni ulikuta kwamba yanaweza kutoa madini ya risasi ndani ya chakula, hasa yanapopika vitu vichachu. Muuzaji anayejali wateja humwuliza fundi alichoyeyusha: betri na vipande vya injini si sawa na masufuria ya zamani. Sahani ya shaba isiyopakwa bati, na kikombe cha malakiti, ni vya kupamba. Havifai kuwekewa nyanya wala ndimu. Kumweleza mnunuzi hivyo hakupunguzi mauzo. Kunamfanya arudi mwaka ujao.

Desemba ni mwezi wa mvua. Mahindi mapya yako bado shambani, unga hupanda bei, na mfuko wa mnunuzi ni mwembamba kuliko wa mwezi wa tano. Makartoni hulowa, mti uliokatwa karibuni hupata ukungu. Ndiyo sababu wauzaji wazoefu wa soko hufuata kanuni chache ambazo historia yote hii inaziunga mkono. Wananunua kitu kidogo ambacho mtu ataweza kukilipa hata baada ya kununua unga. Wananunua kitu kitakachotumika tarehe 2 Januari, maana mwiko hauulizi kama sikukuu imekwisha. Wanaunganisha vitu viwili au vitatu, kama mwiko, chujio na bakuli, ili mnunuzi aone zawadi iliyokamilika. Na hawaweki mtaji wote katika kitu kinachopendwa juma moja tu.

Kipimo cha mwisho ni kile cha msalaba wa shaba: kama kitu hakikuuzwa, je, kitabaki na thamani? Kuku wa Bonane asiyeuzwa huendelea kula unga. Puto na mapambo hukunjwa. Sufuria dogo lisilouzwa Desemba huuzwa Februari kwa bibi harusi, au hupika bukari nyumbani kwa mama aliyelinunua, na kwa vyovyote mtaji haukupotea.