Kinga, Mzio na Mchafuko wa Utumbo: Historia ya Jina Lililotangulia Ujuzi

Istilahi ikijengwa juu ya dhana, na dhana hiyo ikaja kubatilika, istilahi hubaki pale pale. Katika tiba jambo hili lina uzito wa pekee, kwani anayeibeba istilahi ni mgonjwa. Uko ugonjwa ambao mwenye nao huumwa na tumbo mara kwa mara, akaharisha au akafunga choo, pengine yote mawili kwa zamu, ilhali mganga akimpima haoni kidonda wala uvimbe. Waingereza wameupa jina lenye maana ya utumbo mwepesi wa kuudhika. Kabla hatujalitafsiri jina hilo, yafaa tujue lilikotoka.

Mwaka 1849 daktari Mwingereza, W. Cumming, aliandika habari za wagonjwa waliofunga choo leo na kuharisha kesho, akastaajabu ugonjwa mmoja kuwa na dalili mbili zinazopingana. Yeye alieleza alichokiona. Waliomfuata walitaka kutaja sababu. William Osler, katika kitabu chake cha tiba cha 1892, aliuhusisha ugonjwa huu na watu wenye wahaka. Katika karne ya 20 yakazuka majina mengi: utumbo wenye mkakamao, utumbo wa mishipa ya fahamu, utumbo wenye kuudhika. Majina hayo yalikuwa hukumu. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa utumbo wake una hasira alifahamu kwamba mwenye hasira ni yeye, na wengi walirudishwa nyumbani kwa neno kwamba wanaumwa na mawazo.

Hata hivyo, ushahidi mwingine ulikuwapo. Mwaka 1962 Chaudhary na Truelove wa Oxford walichunguza wagonjwa 130, na kama robo yao walisema taabu yao ilianza baada ya kuugua ugonjwa wa kuhara damu. Kisha, Mei 2000, katika mji wa Walkerton nchini Canada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha mji. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 wakafa. Walionusurika walipofuatiliwa, utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umeandikwa na waganga walikuwa na taabu hii ya utumbo, ilhali miongoni mwa wasiougua ni mmoja tu katika kila kumi hivi. Vijidudu vilikuwa vimekwisha kuondoka, lakini mwili haukurudi kama ulivyokuwa.

Ni nini kilichobaki? Mwaka 2004 Giovanni Barbara na wenzake wa Bologna, Italia, waliona kwamba katika utumbo wa wagonjwa hawa baadhi ya seli za kinga zimekaa karibu mno na mishipa ya fahamu, na kadiri zilivyokuwa karibu ndivyo maumivu yalivyozidi. Seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine zinazoisisimua mishipa. Jina lake nalo lina kisa. Paul Ehrlich, alipozieleza mwaka 1878, alidhani zimejaa chakula, akaziita kwa neno la Kijerumani lenye maana ya kunenepesha. Dhana yake haikuwa sahihi, lakini jina lipo hadi leo. Tukiziita "seli nono" tutaliingiza kosa hilo katika Kiswahili kwa hiari yetu. Afadhali tukope sauti tu, tuseme "seli masti".

Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walieleza jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Panya walioambukizwa bakteria huku wakilishwa protini fulani walijenga kingamwili dhidi ya chakula kile kile. Vijidudu vilipokwisha, chakula hicho kiliwaletea maumivu. Kisha watu 12 wenye ugonjwa huu walidungwa ndani ya utumbo kiasi kidogo cha soya, ngano, gluteni na maziwa. Wote waliathirika kwa kimoja au zaidi, lakini katika wazima 8 ni 2 tu. Hapa Kiswahili kina neno tayari: mzio, yaani kile ambacho mila au mwili wa mtu umekikataa. Huu ni mzio wa mahali pamoja, unaokaa utumboni.

Kinga, basi, ambayo kwetu ni ngao, hapa imemgeukia mwenyewe. Wahenga, wakitumia neno jingine lenye sauti hiyo hiyo, walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Je, tuuite ugonjwa wa kinga? La. Si kila mgonjwa alianza kwa ambukizo, na mwaka 2016 wataalamu wa vigezo vya Roma waliuweka miongoni mwa kasoro za mawasiliano ya utumbo na ubongo. Kubadilisha dhana moja kwa nyingine ni kurudia kosa lile lile. Watu wetu husema tumbo limechafuka, kama bahari ichafukavyo na kutulia. Tunapendekeza "mchafuko sugu wa utumbo". Jina hili linaeleza hali, halimlaumu mgonjwa, wala halimfungii njia mtafiti. Lililo la Cumming, la kusema kwanza kilichoonekana, ndilo la kufuatwa na kila mwenye kuunda istilahi.