Kikamulio

Kikamulio (wingi: vikamulio) ni nomino ya ngeli ya KI-VI: kifaa cha kutolea maji katika nguo zilizofuliwa kabla ya kuanikwa. Aghalabu huwa na silinda mbili za mbao au mpira zinazogusana. Nguo hupitishwa katikati huku mpini ukizungushwa, na maji huchuruzika chini.

Neno limetokana na kitenzi kamua katika kauli ya kutendea, kamulia, ambamo sauti l hujitokeza kama ilivyo katika chukua na chukulia. Kiambishi ki- na kiishio -o hukamilisha jina la ala, kama kaangia inavyozaa kikaangio. Kwa sababu hiyohiyo, “mashine ya kukamulia nguo” ni bora kuliko “mashine ya kukamua nguo”.

Wafasiri hujikwaa zaidi katika kuchagua kitenzi. Kusongoa ni kupota nguo kwa mikono, ncha moja huku na nyingine kule. Kamua haijali namna ya kubana, bali hutazama kimiminika kinachotoka. Ndiyo maana hukamuliwa nguo, ndimu, ng’ombe na hata jipu, na mdeni naye hukamuliwa fedha. Silinda hazipoti kitu, hubana tu. Jina lililojengwa juu ya songoa lingepotosha. Shinikizo, ambalo zamani lilitaja pia chombo cha kukamulia mafuta, nalo halifai: msomaji wa leo atafikiria kwanza shinikizo la damu, au la kisiasa.

Likisimama peke yake, kikamulio halisemi kinachokamuliwa. Katika kitabu cha mapishi litafahamika kuwa ni cha ndimu au machungwa, hivyo katika matini ya udobi litajwe kwanza kwa ukamilifu: kikamulio cha nguo. (Nazi ina chombo chake chenye jina mahususi, kifumbu, na hakuna haja ya kukibatiza upya.) Kisichanganywe na kikaushio, ambacho hukausha nguo kwa hewa ya moto, nguo iliyotoka kwenye kikamulio bado ni mbichi.

Matumizi:
Alipitisha shuka katika kikamulio cha nguo, kisha akaianika uani.
Vifungo vikubwa huvunjika ndani ya kikamulio.
Ndoo hii ya kupigia deki ina kikamulio chake.