Utomvu, Tairi na Mgongo Wako

Ukiingia duka la magodoro hapa Nairobi, maswali huwa matatu. Saizi gani: tatu kwa sita, nne kwa sita ama tano kwa sita? Inchi ngapi? Hai densiti ama ya kawaida? Ukishajibu, godoro linafungwa kamba, linapandishwa kwa bodaboda na unaenda zako. Hakuna anayekuuliza kama unalala chali au kwa ubavu, wala ni bega gani linakuuma ukiamka.

Na sisi ndio tunaumwa. Marafiki zangu wengi hawajafika miaka 30 na tayari wanaongea kuhusu mgongo kama wazee wa baraza. Mchana kutwa tumeinamia laptopu, jioni tumeinamia simu, usiku tunajitupa kwa kitu tulichonunua kwa sababu kilikuwa kwa bajeti. Sasa kuna neno jipya linazunguka madukani: lateksi. Wanasema ni dawa ya bega na mgongo. Kabla hujatoa pesa, ni vizuri ujue hiki kitu kilitoka wapi, maana historia yake ni ndefu, na sehemu kubwa yake haipendezi.

Tuanze mbali kabisa. Binadamu alitandika kabla hajalima. Katika pango la Border Cave, Afrika Kusini, karibu na mpaka wa Eswatini, watafiti walipata tabaka za nyasi zilizotandikwa juu ya majivu, za miaka kama 200,000 iliyopita. Walitangaza matokeo hayo mwaka 2020. Majivu hayakuwa bahati mbaya: wadudu watambaao hawapendi kupita juu yake. Kwa hivyo shida ya kwanza ambayo kitanda kilitatua haikuwa mgongo. Ilikuwa wadudu, baridi na unyevu.

Baadaye kila mahali pakajibu kwa kile kilichokuwepo. Huku Pwani palikuwa na kitanda cha kamba, mkeka juu yake, na kwa mwenye uwezo godoro la pamba au la sufi kutoka kwa msufi. Waliokosa sufi walijaza makumbi ya nazi. Kule Turkana mwanamume alitembea na ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kichwa. Ngozi, nyasi, manyoya, pamba: vyote vilikuwa na tabia moja. Ukivilalia kwa muda, vinashikana na kubonyea pale pale unapolala, hadi uvitoe juani na kuvipiga.

Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira, ule maji meupe kama maziwa yanayotoka ukikata gome. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakiutumia karne nyingi kabla ya Wazungu kuujua. Tatizo lake lilikuwa hali ya hewa: kwa joto mpira unanata, kwa baridi unakuwa mgumu na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganya mpira na salfa kisha ukaupasha moto, unatulia. Halafu mwaka 1888, Belfast, daktari wa mifugo kwa jina John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ulaya na Marekani zikapata wazimu wa baiskeli, na punde magari yakafuata. Dunia nzima ikataka mpira, na uutake jana.

Shida ni kwamba mashamba makubwa ya mpira hayakuwepo bado. Mpira ulitoka mwituni, hasa Amazon na Kongo. Kongo wakati huo, kutoka 1885 hadi 1908, ilikuwa mali binafsi ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Huko utomvu ulitoka kwa mizabibu ya porini inayopanda miti. Vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka hadi waume wao warudi na vikapu vimejaa. Waliopungukiwa walichapwa viboko au kuuawa, na askari walikata mikono ya watu ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1904 mmishonari Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala, ameketi kwenye baraza, akitazama mkono na mguu wa bintiye mdogo. Hivyo tu ndivyo alivyobakishiwa. Picha kama hizo zilizungushwa Uingereza na Marekani, zikachangia kumlazimisha Leopold kuachia Kongo mwaka 1908.

Pwani yetu nayo ilikuwa kwenye biashara hii. Mzabibu wa mpira wa huku una jina la kisayansi *Landolphia kirkii*, kutokana na John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar. Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira upande wa Tanga. Hata lugha imehifadhi ushahidi: kwa Kiswahili mmea, utomvu wake na kile tunachopiga danadana nacho vyote ni mpira.

Kilichoua mpira wa mwituni ni mbegu. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazil mbegu kama 70,000 za mti wa mpira na kuzipeleka bustani ya Kew, London. Chache ziliota, miche ikapelekwa Ceylon na Malaya, na kufikia miaka ya 1910 mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umejaa sokoni. Bei ilianguka mwaka 1913, na mashamba ya Tanga yakaanguka nayo.

Sasa tumefika kitandani. Mwaka 1929, katika kampuni ya Dunlop kule Birmingham, mwanasayansi E. A. Murphy alikuwa akichezea utomvu ambao haujaganda. Inasimuliwa kwamba aliupiga kwa mashine ya jikoni ya kuchapia keki hadi ukafanya povu, halafu ukagandishwa kwenye fomu na kupikwa. Ndiyo godoro la lateksi hilo. Jina lile lile lililoanzisha njaa ya tairi ndilo likatuletea godoro. Baadaye familia ya Talalay ikaleta njia nyingine: povu linawekwa nusu kwenye fomu, hewa inanyonywa ili livimbe lijaze, linagandishwa kwa baridi kali, ndipo linapikwa.

Povu rahisi lilikuja kwa njia tofauti. Mwaka 1937, Ujerumani, Otto Bayer na wenzake walitengeneza poliyurethini, na kufikia miaka ya 1950 povu lake laini lilikuwa linauzwa. Linatoka kwa mafuta ya petroli, si kwa mti, na ni bei nafuu. Hilo ndilo wengi wetu tunalalia leo.

Na mgongo je? Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mmoja: lala pagumu, hata weka ubao chini ya godoro. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania. Watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno walipewa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wa ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Kwa hivyo ile "hai densiti ngumu ndio poa kwa mgongo" haina msingi mzito. Isitoshe, densiti ni uzito wa povu tu. Inasema godoro litadumu kiasi gani kuliko inavyosema litakuwa gumu kiasi gani.

Ukilala kwa ubavu, bega na nyonga ndizo zinabeba mzigo. Godoro likiwa gumu sana, bega linasukumwa juu na shingo inapinda. Likiwa laini sana, kiuno kinazama. Lateksi inasifiwa kwa sababu inabonyea pale tu palipo na uzito na kurudi haraka. Ile ya Dunlop huwa nzito na imara zaidi, hasa upande wa chini; ya Talalay huwa sawa juu hadi chini. Uliza kama ni utomvu wa mti au wa kiwandani, na kama godoro zima ni lateksi ama ni tabaka jembamba juu ya povu la kawaida. Lilalie dukani dakika kumi, kwa ubavu wako, na rafiki aangalie kama uti wa mgongo umenyooka. Usione haya, pesa ni zako. Ukiwa na aleji ya glavu za mpira, muulize daktari kwanza.

Na kama huna hizo pesa, povu la ugumu wa kati na mto unaojaza nafasi kati ya bega na sikio vinafika mbali. Lakini mguu ukifa ganzi, ukapata homa pamoja na maumivu, au ukashindwa kuzuia mkojo, hiyo si kazi ya godoro. Nenda hospitali.

Leo utomvu mwingi unatoka Thailand na Indonesia, na Afrika unatoka Côte d'Ivoire. Wagemaji wengi wanaamka usiku, kwa sababu utomvu unatiririka vizuri kabla ya jua. Wanatembea mti hadi mti na taa kichwani, wakiinama kukata gome, mamia ya mara kabla ya mapambazuko. Maumivu ya mgongo ni ugonjwa wao wa kawaida. Bei ya lateksi ikikushtua, jua tu kwamba sehemu ndogo sana ya hiyo pesa ndiyo inayowafikia.